Kasa Anaijuaje Pwani Yake?

  

Jioni ya leo nina swali moja, nami nitalirudia mara kwa mara ili tusipoteane njiani. Mnyama anajuaje njia ya kurudi kwao? Hana kibao cha barabarani, hana simu, hana wa kumuuliza. Anafikaje?

Tuanze na jambo ambalo wengi wenu mnalifahamu. Umenunua jozi ya njiwa kwa mfugaji wa mtaa wa pili. Kabla hujaondoka, mwenye njiwa anakuonya: usiwafungulie haraka. Wafungie bandani wiki kadhaa, wape mtama na maji, wazoee, na ingekuwa vizuri zaidi watage hapo hapo kwako. Ukifanya papara ukawaachia siku ya pili, wataruka, watazunguka juu ya paa lako, halafu utabaki kuwasindikiza kwa macho wakirudi walikotoka. Ndiyo maana wafugaji wengine huwafunga mbawa kwa uzi.

Sasa jiulize. Wewe uliwabeba ndani ya tenga lililofunikwa. Hawakuona kichochoro wala duka la kona. Njia wameijulia wapi?

Wengi tukiulizwa hivyo tunajibu: ah, ni silika tu, Mungu kawaumba hivyo. Ni kweli, wameumbwa hivyo. Lakini naona tukiishia hapo tunajinyima utamu wote. Wameumbwa vipi? Wanatumia nini, jicho, pua, au kitu kingine ambacho sisi hatunacho? Hapo ndipo ninapotaka tuingie jioni ya leo.

Na kabla hatujawafikia njiwa, twende kwanza kwa mdudu mdogo. Twende Tunisia.

Karibu na mji wa Maharès, pwani ya Tunisia, kuna uwanda wa chumvi, tambarare tupu, hauna mti wala jiwe la kuwekea alama. Humo anaishi sisimizi mwenye miguu mirefu ambaye wataalamu humwita Cataglyphis. Mchana wa jua kali, wakati ardhi imechemka kiasi cha kuua wadudu wengine, yeye ndipo anapotoka kuokota mizoga yao. Anakwenda huku, anapinda kule, anarudi nyuma, anazunguka, mpaka anajikuta yuko mita mia na zaidi kutoka shimoni kwake. Na shimo lenyewe ni kitundu ardhini, hata ukiwa karibu unaweza kukikosa. Basi amepata nzi mfu, kamng'ata, kambeba. Je, atafuata mizunguko ile ile aliyokuja nayo? La, msikilizaji. Anageuka, ananyoosha moja kwa moja hadi shimoni.

Mwaka 1911, daktari mmoja Mswisi aliyekuwa akitibu watu katika mji wa Kairouan, hapo hapo Tunisia, jina lake Felix Santschi, alifanya jaribio rahisi sana. Alimkinga sisimizi jua, kisha akachukua kioo akamwonyesha jua hilo hilo kutokea upande wa pili. Sisimizi akageuka, akashika njia ya kinyume. Ikajulikana kwamba anashika mwelekeo wake kwa jua. Baadaye ikaja kujulikana kwamba hata jua likizibwa, kipande cha anga ya buluu kinamtosha, kwa sababu macho yake huona katika mwanga wa anga mpangilio ambao macho yetu hayauoni.

Haya, mwelekeo anao. Je, umbali? Umeme ukikatika usiku, wewe unatoka kitandani gizani mpaka mlangoni bila kupapasa, maana miguu yako imeshazoea ni hatua ngapi. Je, na sisimizi ana hesabu ya hatua? Rüdiger Wehner wa Chuo Kikuu cha Zurich, ambaye aliwafuata sisimizi hawa kwa miongo mingi, pamoja na Matthias Wittlinger na Harald Wolf wa Ujerumani, walitoa jibu mwaka 2006. Waliwaacha sisimizi watembee mita 10 kutoka shimoni hadi kwenye chakula. Walipofika wakawakamata, na wengine wakawavisha ngongoti. Ndiyo, ngongoti, ila hizi zilikuwa vipande vya manyoya magumu ya nguruwe vilivyogandishwa miguuni. Wengine wakakatwa ncha za miguu, wakabaki na miguu mifupi. Kisha wakaachiwa warudi.

Kikatokea nini? Mwenye ngongoti alifika umbali wa kwao akapitiliza, akaenda kama mita 15 ndipo akaanza kuzunguka akitafuta shimo. Mwenye miguu mifupi hakufikisha hata mita 6, akaanza kutafuta. Kila mmoja alikuwa amepiga idadi ile ile ya hatua alizotoka nazo, ila hatua zenyewe zimebadilika urefu. Na walipotoka tena shimoni wakiwa na ngongoti zao tangu mwanzo, walikwenda na kurudi sawasawa.

Mimi kila nikilifikiria jaribio hili hunipa heshima kubwa kwa kiumbe ambaye tumezoea kumfagia jikoni bila kumtazama.

Lakini hesabu hii ya sisimizi ina upungufu. Ukimwinua akiwa tayari ameshika njia ya nyumbani, ukamweka mahali pengine, atatembea mwelekeo ule ule, hatua zile zile, na kuishia mahali pasipo na shimo. Anajua alivyokuja. Hajui alipo.

Naomba ushike hilo, msikilizaji, maana ndiyo nguzo ya mazungumzo yetu. Kujua mwelekeo ni jambo moja, na kujua ulipo ni jambo jingine. Ukitupwa usiku katikati ya bahari na dira mkononi, utajua kaskazini ni wapi. Lakini kisiwa cha Mafia kiko upande wako upi? Dira haikuambii. Unahitaji na ramani. Dira na ramani, vyote viwili.

Sasa turudi kwa njiwa wetu wa ndani ya tenga. Yeye hakutembea, amebebwa, tena amefunikwa, na bado anarudi. Kwa hiyo dira anayo na ramani anayo. Dira yake ya kwanza ni jua. Wataalamu waliwafungia njiwa kwenye chumba chenye taa, wakawabadilishia saa za mchana na usiku kwa saa sita, kisha wakawaachia nje. Njiwa wakaruka wakiwa wamekosea mwelekeo kwa karibu robo ya duara, kwa sababu walidhani ni asubuhi kumbe ni mchana. Maana yake njiwa halitazami jua tu, anajua pia ni saa ngapi.

Na siku ya mawingu je? Mwaka 1971 Mmarekani William Keeton alichapisha matokeo ya kuwafunga njiwa vipande vya sumaku. Siku ya jua walirudi vizuri. Siku ya mawingu mazito walipotea mwelekeo. Kumbe njiwa ana dira ya pili, ya sumaku ya dunia, anayoitumia jua likikosekana. Na huko Pisa, Italia, kuanzia miaka ya 1970, Floriano Papi na wenzake walionyesha kwamba njiwa walionyimwa uwezo wa kunusa walishindwa kurudi kutoka mahali wasipopajua. Harufu zinazoletwa na upepo ni sehemu ya ramani yao.

Unaona, msikilizaji? Jua, saa, sumaku, harufu, na wakishakaribia nyumbani, macho ya kutambua barabara na majengo. Hakuna alama moja inayobeba kazi yote. Nitalirudia hili: mnyama hategemei alama moja. Moja ikifichika, anashika nyingine.

Na sasa nakuja kwa yule aliyenifanya nichague mada hii, ambaye safari yake ni ngumu kuliko zote. Kasa.

Wewe wa Mafia, wa Pemba, wa Watamu, wa Lamu, wewe wa Ngazija na Mwali, huhitaji kuelezwa kasa ni nani. Lakini wasikilizaji wetu wa bara wanivumilie kidogo. Kasa jike hupanda ufukweni usiku, anachimba shimo kwa mapezi yake ya nyuma, anataga mayai mia moja hivi, anafukia, anarudi majini. Msimu mmoja anaweza kutaga mara kadhaa, kila baada ya wiki mbili hivi. Halafu anaondoka kwenda malishoni, ambako kunaweza kuwa mbali mno. Kasa wanaotaga katika kisiwa cha Ascension, katikati ya bahari ya Atlantiki, hula majani ya bahari kwenye pwani ya Brazili, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo. Katikati ni maji matupu.

Na ajabu haiishii hapo. Mayai yale yanakaa mchangani karibu miezi miwili. Watoto wanatoka, wanakimbilia baharini, wanapotea. Miaka inapita. Jike huchukua miaka 20, 30, wakati mwingine na zaidi, kabla hajawa mama. Kisha anarudi kutaga kwenye eneo lile lile alikozaliwa. Hili si hadithi ya wavuvi tu. Mwaka 1990 wanasayansi wa Marekani walichunguza vinasaba ambavyo kasa hurithi kwa mama, wakakuta makundi yanayotaga pwani tofauti yana vinasaba tofauti. Mabinti wanarudi walikotaga mama zao, kizazi baada ya kizazi.

Amekaa pale ufukweni usiku mmoja tu wa maisha yake. Usiku mmoja! Anakumbukaje?

Tumfuate mtoto huyo. Anatoka mchangani gizani pamoja na ndugu zake, gamba lake halizidi upana wa nusu ya kiganja chako. Wazazi hawapo, hakuna wa kumwongoza. Anatafuta upande wenye mwanga zaidi karibu na upeo wa macho, na kwenye pwani ya asili upande huo ni bahari, kwa sababu nyuma yake kuna giza la miti na vilima vya mchanga. Hiyo ndiyo alama yake ya kwanza: mwanga. Akishagusa maji, anayakabili mawimbi kifua mbele, na kwa kuwa mawimbi yanakuja ufukweni, kuyakabili ndiko kwenda kilindini. Alama ya pili: mawimbi. Na akishafika mbali ambako mawimbi hayamwambii tena bara liko wapi, inaingia alama ya tatu, ambayo mimi na wewe hatuihisi kabisa. Sumaku ya dunia.

Dunia yetu ni sumaku, na nguvu yake hailingani kila mahali. Kwa jumla ni kubwa zaidi kuelekea kwenye ncha za dunia na ndogo zaidi kuelekea ikweta. Tena haina mlalo mmoja. Sindano ya sumaku iliyoachwa huru husimama wima kwenye ncha za sumaku, na hulala sambamba na ardhi kwenye ikweta ya sumaku. Kwa hiyo kila eneo la bahari lina nguvu yake na mlalo wake.

Huko Marekani, Kenneth Lohmann na wenzake waliwavika watoto wa kasa mikanda laini ya kitambaa, wakawafunga katikati ya dimbwi la maji ili waogelee palepale bila kwenda popote. Kuzunguka dimbwi waliweka nyaya za umeme zinazoweza kuigiza sumaku ya sehemu yoyote ya Atlantiki. Walipoweka sumaku ya mahali fulani penye hatari ya kusombwa na mkondo kwenda kwenye maji ya baridi, watoto waligeuka wakaogelea kuelekea upande ambao ungewaweka salama. Hawajawahi kufika huko. Hawajawahi kuiona hata bahari yenyewe.

Na mwaka 2025 kundi hilo la wataalamu lilichapisha jambo lililonifurahisha sana. Waliwalisha kasa wachanga mahali penye sumaku ya aina moja, na kwenye sumaku ya aina nyingine wasiwape kitu. Baada ya muda kasa wakiwekwa kwenye sumaku ya chakula walianza kucheza! Wananyanyua vichwa juu ya maji, wanafungua midomo, wanapiga mapezi, wengine wanazunguka palepale, na chakula bado hakijaletwa. Kasa anajifunza sumaku ya mahali na anaikumbuka.

Ndiyo maana Lohmann na wenzake wanaamini kwamba mtoto wa kasa, usiku ule mmoja, hushika alama ya sumaku ya pwani yake na kuiweka. Mwaka 2015 walipitia kumbukumbu za viota vya pwani ya Florida kwa kipindi cha miaka 19. Sumaku ya dunia husogea kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na pale ambapo alama za sumaku za pwani zilisogeleana, viota navyo vilisongamana. Kasa walifuata alama yao ilikohamia.

Lakini je, kuna aliyethibitisha kwamba kasa hutumia sumaku huku kwetu, kwenye bahari ya Hindi? Yupo. Twende Mayotte, ambayo wenyeji wanaiita Maore, pale kwenye visiwa vya Komoro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007 na timu ya Wataliano na Wafaransa, akiwemo Paolo Luschi. Walichukua kasa majike waliokuja kutaga, wakawapeleka kwa chombo bahari kuu, kilomita 100 hadi 120 kutoka kisiwani, wakawaachia wakiwa na vifaa vinavyowasiliana na setilaiti. Baadhi walibandikwa sumaku kichwani ili hisia yao ivurugike.

Unadhani walirudi? Walirudi, wote isipokuwa mmoja. Lakini wale wa sumaku walizunguka sana, wakapita njia ndefu zaidi kuliko wenzao. Msikilizaji, hapo pana mambo mawili. La kwanza, sumaku ya dunia ni alama ambayo kasa huitumia kweli, maana ilipovurugwa alitaabika. La pili, ilipovurugwa hakukata tamaa, alishika alama nyingine akafika. Nimesema mnyama hategemei alama moja, na huyu hapa shahidi kutoka Maore.

Wala nisikudanganye kwamba kasa hafanyi makosa. Kwenye visiwa vya Chagos, kasa wa aina ya ng'amba waliofuatiliwa kwa setilaiti walionekana wakipotea njia, wakipitiliza, wakirudi, wakizunguka bahari tupu. Mmoja alikuwa akielekea mahali palipo kilomita 176 tu, akaogelea zaidi ya kilomita 1,300 ndipo akafika. Ramani yake haina uangavu wa ile iliyo kwenye simu yako. Inamfikisha karibu, mengine anatafuta mwenyewe. Mimi ng'amba huyu ananigusa kuliko wale walionyoosha moja kwa moja. Alikuwa na alama hafifu, na hakuacha.

Sasa nimalizie na alama ya kwanza kabisa, ile ya mwanga, kwa sababu hiyo ndiyo iliyo mikononi mwetu. Sumaku ya dunia hatuwezi kuizima. Mawimbi hatuyazuii. Lakini giza la pwani tunaliondoa sisi. Tumejenga hoteli, tumeweka taa za barabarani, tumefunga taa kali kwenye nyumba zinazotazama bahari. Mtoto wa kasa anatoka mchangani, anatafuta upande wenye mwanga zaidi, na upande huo sasa ni nyuma yake. Anapanda bara. Anakwenda kwa mapezi madogo yale kuelekea kwenye kaa, mbwa, magurudumu ya magari, na asubuhi jua linamkuta kwenye mchanga mkavu. Hajakosea hata kidogo. Amefuata alama aliyopewa.

Na mama yake naye, akiona ufukwe unawaka taa na watu wanapita, mara nyingi hugeuka bila kutaga.

Katika kisiwa cha Juani, huko Mafia, wanakijiji wanalinda viota vya kasa. Itsamia, kwenye kisiwa cha Mwali, nako ni hivyo hivyo. Watu hawa wanafanya kazi ambayo malipo yake yanachelewa mno: mtoto jike atakayetoka mchangani Juani usiku wa leo, Mungu akimjalia, hatarudi kutaga mpaka baada ya miaka 20, 30, au zaidi. Wengi wanaolinda kiota chake leo watakuwa wazee wakati huo.

Kwa hiyo nina ombi kwako wewe mwenye nyumba, mwenye hoteli au mwenye baa ufukweni. Taa inayotazama bahari, izime usiku ukishafunga. Ikiwa lazima iwake kwa ajili ya mlinzi, ishushe, ifunike upande wa bahari, imulike chini, na balbu iwe nyekundu au ya rangi ya machungwa badala ya nyeupe. Funga mapazia ya vyumba vinavyoelekea maji. Na ukikuta watoto wa kasa wamepanda bara, mwite mlinzi wa viota wa kijiji chako au afisa uvuvi, wala usiwamulike kwa tochi ya simu ili upige picha.

Wiki ijayo tutapanda angani na mbayuwayu, wale wanaotutembelea kutoka Ulaya na kurejea kwao mwezi wa tatu na wa nne. Ukiwaona mbayuwayu wakiruka karibu na nyumba yako, waangalie vizuri wiki hii ili tuzungumze vizuri.